Kusini-Magharibi mwa Krete: Ulale Kijiji Kipi, na Kipi Ukipitie Tu?

Ukitazama picha za vijiji vya pwani ya kusini-magharibi mwa Krete, kisiwa cha Ugiriki, vyote vinafanana: maji ya buluu, kuta nyeupe, meza za mgahawa zimepangwa hatua chache kutoka baharini. Anayepanga likizo kwa picha peke yake atakuwa anabahatisha. Kinachovitenganisha vijiji hivi ni barabara. Kuna vinavyofikika kwa gari, kuna vinavyofikika kwa boti au kwa miguu tu, na kuna viwili, Sfakia na Sougia, ambavyo kwenye ramani vimeachana kama kilomita 30, lakini dereva anayetoka kimoja kwenda kingine huzunguka milima karibu saa tatu. Kwa hiyo ushauri wangu tangu mwanzo ni huu: angalia kwanza barabara na boti, kisha ufukwe, na mengine yafuate. Nimeona familia zikilipia vyumba vizuri mahali pasipowafaa kabisa, mizigo na watoto mikononi, kwa sababu tu walianza na picha.

Ugiriki imo katika eneo la Schengen, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen, na anayeishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya eneo hilo kwa kibali halali anaweza kusafiri kwa kibali chake. Utashuka uwanja wa ndege wa Chania, mji ulio kaskazini mwa kisiwa, au utapanda meli ya usiku kutoka Piraeus, bandari ya Athens, na kuamkia Souda, jirani na Chania. Kutoka hapo mabasi ya KTEL hukupeleka kusini.

Jinsi pwani ilivyokaa

Nyuma ya pwani hii imesimama Lefka Ori, yaani Milima Myeupe. Kilele chake kirefu zaidi, Pachnes, kina mita 2,453. Milima inashuka ghafla hadi Bahari ya Libya, na pale ilipokatwa na makorongo ndipo watu walipopata nafasi ya kujenga. Ukianzia magharibi kwenda mashariki utakuta Paleochora, Sougia, Agia Roumeli, Loutro na Chora Sfakion, ambako watu hupaita Sfakia kwa kifupi. Ukiendelea mashariki kidogo unafika Frangokastello.

Paleochora, Sougia, Sfakia na Frangokastello vina barabara ya lami. Agia Roumeli na Loutro havina. Majira ya joto feri za ANENDYK hupita mbele ya pwani na kuunganisha vijiji vitano vya kwanza. Safari zenyewe ni fupi: Sfakia hadi Loutro ni kama dakika 20, Sfakia hadi Agia Roumeli ni kama saa moja, na kutoka Agia Roumeli hadi Sougia, au Sougia hadi Paleochora, ni chini ya saa moja. Tatizo ni idadi. Si kila boti hupita pwani yote, na ukikosa ya jioni unalala ulipo. Ratiba hubadilika kati ya Mei, Agosti na Oktoba, kwa hiyo isome ya mwezi wako, usitegemee uliyoambiwa na rafiki aliyekwenda mwaka jana.

Bahari utakayoikuta

Sisi tuliozoea Bahari ya Hindi tuna tabia ya kuuliza maji yanajaa saa ngapi. Huku swali hilo halina kazi, maana Mediterania karibu haina kujaa na kupwa. Ufukwe ulioukuta asubuhi ndio utakaoukuta jioni, na mtoto aliyeogelea salama saa tatu ataogelea palepale saa kumi, ilimradi upepo umetulia.

Jambo la pili ni kokoto. Fukwe nyingi za upande huu ni za mawe madogo, na maji yake huwa na kina mara tu unapoingia. Mawe hayo ndiyo yanayoyafanya maji yawe safi namna ile, lakini miguu inaumia, na jua la mchana huyachoma mawe mpaka huwezi kukanyaga peku. Nunua viatu vya plastiki vya kuogelea kabla hujaondoka Chania. Fukwe za mchanga wa kutosha katika orodha hii ni mbili tu, Paleochora na Frangokastello, na kwa mzazi mwenye mtoto wa miaka mitatu habari hiyo peke yake inaweza kumaliza mjadala.

Halafu kuna upepo. Wasomaji wa Biblia wamekwisha kuisikia pwani hii. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, meli iliyomchukua Paulo kwenda Roma ilitia nanga Bandari Nzuri, upande huu huu wa kusini mwa Krete, na waliokuwamo wakaona afadhali wajaribu kufika Foinike wakae huko wakati wa baridi. Upepo mkali ukawashukia kutoka kisiwani, wakapita chini ya kisiwa kidogo kiitwacho Kauda, na Foinike hawakufika. Watafiti wengi wanaitambua Foinike kuwa ni pale penye ghuba iliyo nyuma ya rasi ya Loutro, matembezi mafupi kutoka gatini. Kauda ndicho kisiwa cha Gavdos cha leo, kinachoonekana kwa mbali siku hewa ikiwa safi. Upepo wa kaskazini bado unaporomoka kutoka milimani vilevile. Unaweza kuiona bahari imelala asubuhi, na kufika adhuhuri imejaa mistari myeupe. Ukifika nguvu ya 6 au 7 kwa kipimo cha Beaufort, boti hupunguzwa au hufutwa kabisa, na aliyelala Loutro au Agia Roumeli hana njia ila kusubiri au kutembea.

Paleochora na Sougia

Vijiji hivi viwili vyote vina barabara, vyote vina boti, vyote ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kwa gari kutoka Chania. Hapo ndipo kufanana kunapoishia.

Paleochora ni mji mdogo. Una benki, maduka ya dawa, kituo cha afya, waokaji mikate, maduka ya vyakula, shule. Watu huishi humo mwaka mzima, na nje ya mji utaona mabanda ya plastiki yanayolimwa nyanya, ambayo hayapendezi machoni lakini ndiyo yanayowaweka vijana wasihame. Mji umekaa juu ya ulimi wa ardhi ulioingia baharini. Upande wa magharibi ni Pachia Ammos, ufukwe mrefu wa mchanga wenye miti ya kivuli. Upande wa mashariki ni ufukwe wa kokoto uliopangwa migahawa. Huu ndio ubora mkubwa wa Paleochora, na watu wengi hawautambui mpaka wafike: upepo ukichafua upande mmoja, unavuka mji kwa dakika tano na upande wa pili mara nyingi umetulia. Hakuna kijiji kingine hapa kinachokupa chaguo hilo. Kwenye ncha ya ulimi kuna magofu ya ngome ya Waveneti, watu wa Venisi ya Italia, ya karne ya 13, ukipanda jioni unaona pande zote mbili za bahari kwa pamoja. Usiku wa majira ya joto barabara kuu hufungwa kwa magari, meza hutolewa hadi katikati ya njia, na watoto hukimbia mpaka saa nne za usiku bila mtu kuwakemea.

Sougia ina mtaa mmoja mkuu unaokufikisha baharini, na mbele yake ufukwe wa kokoto za kijivu unaozidi kilomita moja. Ukishaufika mwisho wa mtaa umeiona Sougia. Nasema hivyo kwa kuisifu. Mchana watu ni wachache hata Julai, kivuli ni haba, na sauti kubwa kuliko zote ni ya mawe yanayoviringishwa na wimbi. Mwisho wa mashariki wa ufukwe hutumiwa tangu zamani na wanaopiga mahema na wanaoogelea bila nguo, jambo ambalo familia nyingi za kwetu zingependa kulijua mapema. Ukikaa karibu na mtaa mkuu hutalikuta.

Kinachoipa Sougia uzito ni mambo yaliyoizunguka. Kutoka bandari yake ndogo unaingia korongo fupi, unapanda kilima, na baada ya kama saa moja na nusu unateremkia Lissos, bonde lililofungwa na milima pande tatu. Hapo palikuwa na hekalu la Asklepios, mungu wa tiba wa Wagiriki wa kale, na wagonjwa walikuja kwa sababu ya chemchemi yake. Sakafu ya hekalu yenye michoro ya vijiwe bado ipo, mizeituni imeota kati ya makaburi ya mawe, na mara nyingi utakuwa na bonde zima peke yako. Asiyeweza kupanda anaweza kukodi boti ndogo gatini. Upande wa bara kuna korongo la Agia Irini, karibu kilomita 8 kwa urefu, lenye kivuli na watu wachache sana kuliko Samaria. Kwa magoti ya kawaida, mimi ningelichagua hilo.

Tukiviweka bega kwa bega: mwenye watoto, mwenye mzazi mtu mzima, mwenye dawa za kufuatilia, au anayekaa wiki nzima, akae Paleochora. Wawili wanaotaka kusoma, kuogelea na kulala mapema wakae Sougia siku tatu. Zaidi ya hapo Sougia humchosha asiyependa kutembea, na kwenda Paleochora kwa gari kupitia vijiji vya milimani huchukua kama saa moja ya kona mfululizo.

Nitaje na Elafonisi, kwa kuwa kila anayelala Paleochora huulizia. Mchanga wake una rangi ya waridi kwa sababu ya vipande vya magamba ya viumbe vya baharini, na maji ni ya kina kifupi mno. Majira ya joto boti kutoka Paleochora hufika huko kwa kama saa moja. Ni pazuri kweli, lakini Julai na Agosti mabasi kutoka kaskazini hujaza ufukwe ifikapo saa tano asubuhi. Nenda Mei, Juni mwanzoni au mwishoni mwa Septemba. Ukiwa na Agosti peke yake, baki Pachia Ammos.

Loutro na Agia Roumeli

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa sababu vyote viwili havina magari na wengi hudhani basi ni mahali pa aina moja.

Loutro ni ghuba ndogo iliyojikunja, nyumba nyeupe zenye madirisha ya buluu zimebanana kati ya mwamba na maji. Ufukwe wake ni mfupi, wa kokoto. Kaa mezani pale gatini feri ikija. Mlango wake wa mbele unashuka, watu wanatoka na mabegi, na nyuma yao zinafuata katoni za maji ya kunywa, makreti ya nyanya na matikiti, mitungi ya gesi, mashuka yaliyofuliwa, kila kitu kinasukumwa kwa mkokoteni hadi mlangoni pa mwenyewe. Dakika kumi baadaye feri imekwenda na ghuba imenyamaza. Ndani ya Loutro hakuna mahali pa kwenda, na hilo ndilo watu wanalolifuata. Unakodi kayaki, unaruka majini kutoka kwenye mwamba, unakula, unalala.

Lakini Loutro haijafungwa. Ukitembea mashariki kwa muda wa saa moja unafika Glyka Nera, maana yake Maji Matamu. Ni ufukwe mrefu chini ya jabali, hauna barabara, na chini ya kokoto zake yanapita maji baridi yaliyotoka milimani. Chimba shimo kwa mikono karibu na ukingo wa bahari, subiri kidogo, litajaa maji baridi yasiyo na chumvi. Hata ukiogelea utakutana na mikondo ya baridi inayokushtua miguu. Ukienda magharibi kuna Lykos, na mbele yake Marmara, kighuba kilichochongwa kwenye mwamba mweupe mahali korongo la Aradena linapoingia baharini. Boti ndogo huenda pande zote mbili majira ya joto. Anayetaka jasho apande njia ya kona hadi Anopoli, kama mita 600 juu. Huko alitoka Daskalogiannis, aliyeongoza maasi ya Wasfakia dhidi ya Waosmani, yaani Waturuki, mwaka 1770.

Agia Roumeli ni mlango wa chini wa korongo la Samaria, na maisha yake yote yanafuata mlango huo. Wanaotembea huanza Xyloskalo, kwenye uwanda wa Omalos, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, wakateremka kilomita 16 hadi ufukweni. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1962, na kijiji cha Samaria kilichokuwa ndani ya korongo kilihamishwa. Kwa kawaida hufunguliwa Mei hadi Oktoba, na hufungwa siku za mvua au joto la kupindukia. Kuanzia saa saba mchana utawaona wanaingia Agia Roumeli wakiwa wamejaa vumbi hadi magotini, wanavua viatu kabla ya kuvua mabegi, wanaingia baharini na nguo zao. Migahawa inajaa, sauti za lugha kumi zinapigana, kisha jioni feri kubwa inawachukua wote kwenda Sfakia au Sougia, ambako mabasi yanawasubiri.

Baada ya feri ile kuondoka, Agia Roumeli inakuwa kijiji kingine. Wanabaki wenyeji na wageni wachache, bei za vyumba mara nyingi ni nafuu kuliko Loutro, na wahudumu wanapata muda wa kuketi. Asubuhi yake unaweza kuingia korongoni kutoka chini kabla wateremkaji hawajafika, ukatembea mpaka kwenye Malango, pale kuta zinapokaribiana hadi mita chache tu huku zikipanda juu mamia ya mita. Kwa asiyetaka kilomita 16, hiyo ndiyo njia ya kuiona sehemu nzuri kuliko zote za Samaria. Na ukitembea mashariki kando ya bahari kwa muda wa saa moja na kitu, utakuta kanisa dogo la mawe la Agios Pavlos, Mtakatifu Paulo, limesimama juu ya kokoto peke yake.

Ubaya wa Agia Roumeli ni joto. Ufukwe wake ni mpana, wa mawe ya rangi ya giza, na mchana wa Julai unakuwa kikaango. Loutro ina kivuli cha mapema na maji karibu zaidi na mlango wa chumba. Kwa likizo ya kupumzika, Loutro inashinda bila ubishi. Kwa usiku mmoja wa msafiri mwenye miguu, Agia Roumeli ina kitu ambacho Loutro haina, nayo ni milima mgongoni. Ningelala Loutro siku tatu na Agia Roumeli siku moja, nikipanga siku ya Agia Roumeli isiwe ya mwisho kabla ya ndege.

Na neno kwa wenye mizigo. Loutro hakuna teksi wala gari la kubeba, na nyumba nyingi zimejengwa juu ya ngazi. Sanduku la kilo 25 linaloburuzwa vizuri uwanja wa ndege litakutesa. Acha sanduku kubwa Chania au ndani ya gari ulilolipaki Sfakia, panda boti na begi la mgongoni. Wenye matatizo ya magoti wamwandikie mwenye nyumba kabla ya kulipa, waulize ngazi ngapi.

Sfakia na Frangokastello

Wengi huiona Sfakia kupitia dirisha la basi, na kwa kukaa siku nyingi sina sababu kubwa ya kuwapinga. Ni bandari ya umbo la kiatu cha farasi, migahawa imeizunguka, fukwe zake ni ndogo. Ilingas, upande wa magharibi, ndiyo nzuri zaidi. Faida yake ni kwamba una gari na boti kwa wakati mmoja: asubuhi Glyka Nera, kesho yake Frangokastello, keshokutwa korongo la Imbros, kilomita 8 za mteremko mpole ambao hata mtoto wa miaka minane anaumudu. Njia hiyo ya Imbros ndiyo waliyoteremkia maelfu ya wanajeshi wa Uingereza, Australia na New Zealand mwishoni mwa Mei 1941, baada ya Wajerumani kuivamia Krete. Meli ziliwachukua usiku kutoka Sfakia kwa siku chache, na maelfu wengine wakaachwa ufukweni wakawa mateka. Kuna mnara wa kumbukumbu bandarini. Ukikaa hapo jioni, ukaangalia jinsi gati lilivyo dogo, utaelewa kwa nini hawakuweza kuondoka wote.

Frangokastello haina feri, haina kitovu, nyumba zimetawanyika kwenye uwanda mkavu. Ina ngome ya mraba ya Waveneti iliyojengwa miaka ya 1371 hadi 1374, minara minne kwenye pembe, na mbele yake ufukwe wa mchanga wenye maji ya kina kifupi yanayokufika kiunoni baada ya hatua nyingi. Watoto wanafurahi mno. Mwezi Mei 1828 Hatzimichalis Dalianis na watu wake waliuawa hapo wakipigana na Waosmani, na wenyeji husimulia kwamba mwisho wa Mei, alfajiri, vivuli vya askari wale huonekana vikielekea ngomeni. Bila gari usilale Frangokastello. Ukiwa na gari na watoto wadogo, inapambana na Paleochora kwa bahari, na inashindwa kwa kila kitu baada ya jua kuzama.

Chakula na fedha

Kwa chakula tofauti kati ya vijiji ni ndogo kuliko watu wanavyosema. Kila mahali utapata samaki wa kuchoma, pweza, mboga za majani za porini zilizochemshwa na kutiwa limau na mafuta ya zeituni, dakos ya mkate mkavu wa shayiri na nyanya. Kitu kimoja kikule upande wa Sfakia na Loutro, maana ndiko kwao: sfakiani pita. Ni bapa kama chapati nyembamba, ndani yake jibini laini ya mizithra, inapikwa juu ya kikaango na kumiminiwa asali wakati bado inafuka moshi. Tamu sana asubuhi.

Kwa Muislamu, nyama halali usiitegemee nje ya miji mikubwa, lakini kwa samaki, mayai, kunde na mboga hutakaa na njaa. Uliza kuhusu nguruwe kwenye vyakula vya nyama ya kusaga. Mwisho wa mlo mhudumu huleta matunda na tsikoudia, pombe kali ya zabibu, bila malipo. Ni ukarimu, na ukisema asante huku umeweka mkono kifuani hakuna atakayekulazimisha.

Paleochora vyumba ni vingi na bei zinashindana. Loutro vyumba ni vichache, hujaa mapema Julai na Agosti, na mtu anayetaka wiki hizo aandike miezi kadhaa kabla. Sougia unaweza kubahatisha Juni au Septemba. Beba fedha taslimu za kutosha siku mbili tatu kila unapopanda boti kwenda vijiji visivyo na barabara.

Kupanga njia

Ukiwa na usiku saba za pwani na huna gari, ningeanza magharibi: basi hadi Paleochora, usiku tatu. Boti hadi Sougia asubuhi, usiku mmoja, Lissos mchana wake. Kisha Agia Roumeli usiku mmoja, na Loutro usiku mbili. Kutoka Loutro feri hukufikisha Sfakia, na basi hukurudisha Chania. Kwa njia hiyo hurudii barabara hata moja, na unaiona pwani yote kutoka majini, jinsi inavyopendeza zaidi. Angalia tu kwamba boti za kuunganisha zinakwenda siku zako, hasa Aprili na Oktoba.

Mwenye gari la kukodi asijaribu mpango huo, atalipia gari likae kwenye maegesho. Yeye achague upande mmoja: Paleochora pamoja na Sougia, au Sfakia pamoja na Frangokastello, huku Loutro akiifanya safari ya siku moja. Ajue kwamba Loutro ya siku moja ni ya saa za watu wengi, kati ya saa tano na saa kumi. Akiweza kulala hata usiku mmoja na kuliacha gari Sfakia, alale.

Wenye watoto chini ya miaka sita: Paleochora, moja kwa moja. Wazee wanaopenda bahari lakini hawapendi ngazi: Paleochora pia, chumba cha chini upande wa mashariki. Wapya wa ndoa: Loutro mwezi Juni au Septemba, chumba chenye kibaraza kinachotazama ghuba. Kundi la marafiki wanaotaka muziki hadi usiku wa manane, pwani hii siyo yenu, bakini Chania au upande wa kaskazini.

Na mwezi wowote utakaokwenda, usiku wa mwisho kabla ya ndege lala Chania, au kijiji chenye barabara na basi la mapema. Upepo ukianza jioni ukiwa Loutro na ndege yako ni saa nne asubuhi, njia inayobaki ni ile ya kwenye jabali kupitia Glyka Nera, zaidi ya saa mbili hadi Sfakia, na mizigo iko mgongoni.